Kumsemea, Kumsemelea na Kumnyamazia: Sarufi ya Ushirika katika Kutetea Haki, kwa Mifano ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza uhusiano kati ya mtu anayeonewa na mtu anayesimama upande wake. Hoja inayojengwa ni kwamba kauli ya kutendea, inayotupatia vitenzi kama semea, tetea na nyamazia, haibagui yenyewe baina ya wema na ubaya. Kinachobagua ni nafasi anayopewa mwenye madai ndani ya sentensi na ndani ya tukio. Hoja hiyo inapimwa kwa matini na matukio matatu: riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), shauri la ardhi ya Wameru lililofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kwa msaada wa mwanasheria aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mjadala wa istilahi zinazohusu watu wenye ualbino, ambao mji wa Moshi una nafasi ya pekee katika huduma zao. Mifano ya sentensi iliyotolewa ni ya matumizi ya kawaida, imeundwa na mwandishi kwa ajili ya uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Wafasiri wa nyaraka za haki za binadamu wamekuwa wakihangaika na neno la Kiswahili la kumtaja mtu ambaye dhuluma haimgusi moja kwa moja lakini anajitia upande wa wale inaowagusa. Wapo wanaotumia mtetezi, wapo wanaosema rafiki, mwenza au mwenzi, na wengi siku hizi wameelekea kwenye mshirika. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda neno hilo likasikika kama la semina. Kwa mtu wa Moshi lina historia nzito zaidi. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ushirika kwanza kabisa ni kahawa: ni chama cha msingi kijijini, mzani, gunia, na juu yake KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933 baada ya kile cha wapanda kahawa cha mwaka 1925. Chuo kikuu cha mji huo kinaitwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Na kwa waumini wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambao ni wengi mno katika miteremko hiyo, usharika ni jumuiya ya waumini wa kanisa na msharika ni yule anayehesabiwa kuwa wake.

Maneno haya yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaobeba dhana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Mzizi huohuo ndio uliotupatia ushirikina. Mshirika na mshirikina ni ndugu wa ukoo mmoja: wa kwanza ana fungu pamoja na wenzake, wa pili anampa Mungu mwenye fungu asiyestahili. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sehemu ya mwisho ya makala inahusu watu ambao usalama wao umetegemea, kwa maana halisi kabisa, ni upi kati ya ndugu hao wawili umepata nguvu kijijini.

Faida ya kuanza na ushirika wa kahawa ni kwamba unatoa kipimo. Mwanachama wa ushirika anakuja na kahawa yake mwenyewe, inapimwa kwa jina lake, na hakuna mwanachama anayeuza kahawa ya jirani kwa jina lake yeye. Je, lugha yetu inaruhusu uhusiano wa namna hiyo katika suala la kusema? Jibu linahitaji tuingie katika mnyumbuliko wa vitenzi.

2.0 Kitenzi sema na jamaa zake

Sarufi za Kiswahili hueleza kauli ya kutendea kuwa huongeza yambwa katika sentensi: yule anayetendewa, mahali, chombo au sababu. Mifano ya darasani kwa kawaida ni ya upole: mama anampikia mtoto, fundi anamshonea mteja. Ndiyo maana wanafunzi wengi hutoka na imani kwamba kauli hii ni ya hisani. Tazama hata hivyo sentensi zifuatazo:

(1) a. Asha amemsemea mwenzake mbele ya mkutano.
b. Asha amemsemelea mwenzake kwa mkuu wa shule.
c. Asha amemfia mumewe ugenini.

Katika (1a) Asha amesema kwa niaba ya mwenzake. Katika (1b) amemchongea. Katika (1c) hakuna aliyepata faida yoyote. Mume ndiye aliyebaki na msiba. Kiambishi kimetoka katika kapu lilelile. Kurudufishwa kwa utendea katika semelea kunafanana na kule kwa tupa, tupia, tupilia, ambako kitendo hupewa uzito au ukamilifu zaidi. Hapa uzito umeangukia upande wa shari: aliyesemelewa amesemwa hadi amefikishwa kwa mwenye mamlaka. Kwa hiyo baina ya kumtetea mtu na kumtia matatani ipo silabi moja tu, na mara nyingine hata silabi hiyo haipo, kwani wako wasemaji wanaotumia semea kwa maana zote mbili na kuacha muktadha uamue.

Kitenzi tetea kina mkasa wa aina hiyo. Teta ni kunung'unika, kugombana, kusengenya. Ukimtendea mtu ugomvi huo, yaani ukagombana kwa ajili yake, unakuwa umemtetea, na ukifanya hivyo mara kwa mara unaitwa mtetezi. Lugha haikumchukua mtetezi kutoka katika msamiati wa amani. Imemchukua kutoka katika ugomvi, na nadhani wazee walioliunda neno walijua wanachokisema: hakuna aliyewahi kumtetea mtu bila kumuudhi mwingine. Pigania imepita njia ndefu zaidi, piga, pigana, pigania, na bado harufu ya vita haijamtoka.

Jamaa anayestahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni nyamaza. Kitenzi hiki si elekezi. Mtu ananyamaza, basi. Hahitaji yambwa, na kitendo chake kinaonekana hakimgusi yeyote. Lakini kipe kiambishi cha kutendea:

(2) a. Majirani walinyamaza.
b. Majirani waliunyamazia uovu.
c. Majirani walimnyamazia yule mama.

Katika (2a) majirani hawajafanya kitu. Katika (2b) na (2c) wamefanya. Kimya chao kimepata yambwa, na pale kitenzi kinapopata yambwa panakuwa na mtu au jambo lililofikiwa na kitendo hicho. Sijui kama lugha nyingi zina namna nyepesi kiasi hiki ya kumgeuza mtazamaji kuwa mtendaji. Mhubiri au mwanasiasa anayetaka kuwaambia watu kwamba kukaa kimya ni kushiriki, katika Kiswahili hahitaji hotuba ndefu. Mofimu moja imekwisha kuisema hoja yake.

Methali nayo inalifahamu jambo hili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni hunukuliwa sana kama wito wa uadilifu, na mara chache watu husimama kusikiliza kishazi chake cha kwanza, ambacho kinaruhusu mnyonge anyongwe. Linalonivutia zaidi ni kiambishi -ni kilichojitokeza mara mbili. Methali haizungumzi na mnyonge, wala haizungumzi na mnyongaji mmoja. Inazungumza na kundi, ninyi nyote mliopo. Haki ya mnyonge imewekwa mikononi mwa hadhira. Hata hivyo mnyonge mwenyewe katika sentensi hiyo ni yambwa tupu: ananyongwa, anapewa, hasemi lolote. Huo ndio upungufu wa kauli mbiu inayopendwa na mashirika mengi, ile ya kuwa sauti ya wasio na sauti. Watu wanaotajwa hivyo karibu daima wana sauti. Wasichokuwa nacho ni masikio yaliyoelekezwa kwao.

Kiswahili kina njia nyingine. Kinaweza kutumia kihusishi na: kusema naye, kusema nao. Hapo mwenye madai hashuki kuwa yambwa. Anakuwa mtenda wa pili pembeni ya mtenda wa kwanza. Kinaweza pia kutumia kauli ya kutendana, semezana, ambako pande zote mbili zinasema na zote zinasikia. Tofauti ya kumsemea na kusema naye ndiyo itakayotuongoza katika sehemu zinazofuata.

3.0 Karama mbele ya baraza

Fasihi ya Kiswahili ina msemaji mmoja mashuhuri wa aina hii. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria katika nchi isiyotaka elimu hiyo. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hatumii muda mwingi kujisemea. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia Kusadikika maendeleo, wakarudi na mapendekezo, wakaishia kutupwa gerezani. Anawasemea watu ambao baraza limewanyamazia.

Wahakiki wamekwisha kuisoma riwaya hii kama istiari ya ukoloni, na sina la kuongeza hapo. Ninalotaka kuonyesha ni mpangilio wa hatari. Karama anawatetea wajumbe akiwa yeye mwenyewe kizimbani, akishindwa, atakufa. Hajasimama mahali salama akiwahurumia walio chini, na hiyo ndiyo sababu maneno yake yana uzito barazani. Lakini pia wajumbe wenyewe hawapo. Hatuwasikii Buruhani, Fadhili na wenzao isipokuwa kupitia kinywa chake. Wanapofunguliwa, ni matokeo ya ufasaha wa mtu mwingine. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, Karama ni kilele cha kumsemea mtu kwa uaminifu, na pia ni mpaka wake.

4.0 Engare Nanyuki, Moshi na New York

Mwaka uleule riwaya hiyo ilipochapishwa, 1951, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nchi iliyoko kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, inayotazamana na Kilimanjaro. Operesheni hiyo ilifanyika kati ya Novemba na Desemba. Chanzo chake kilikuwa mapendekezo ya Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza masuala ya ardhi katika maeneo ya Arusha na Moshi na kutoa ripoti yake mwaka 1947. Serikali ya kikoloni ilitaka ardhi ya walowezi wafugaji iwe kipande kimoja kisichokatizwa na Waafrika. Nyumba zilichomwa.

Wameru walikuwa na wasemaji wao na chama chao. Walichohitaji ni mtu anayeijua lugha ya sheria na ya taasisi za kimataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na wakazi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Mtu huyo walimpata Moshi: Earle Seaton, mwanasheria mweusi mzaliwa wa Bermuda. Hakuwa Mmeru, hakuwa hata Mtanganyika, na Engare Nanyuki hakuwa na ekari hata moja. Mwaka 1952 yeye na Kirilo Japhet, mjumbe waliyemchagua Wameru wenyewe na kumchangia nauli, walifika New York mbele ya Baraza la Udhamini.

Wakili wa kawaida humsemea mteja. Ndiyo kazi yake, na neno lenyewe wakili, pamoja na kitenzi wakilisha, limebeba maana ya kukaimu nafasi ya mwingine. Ingekuwa rahisi, na pengine nafuu kwa mfuko wa michango, Seaton aende peke yake na mafaili. Kilichofanyika ni kwamba Japhet alisimama mwenyewe, Mtanganyika wa kwanza kuhutubia katika Umoja wa Mataifa, akaeleza yaliyowapata watu wake. Seaton alikuwa pale kwa ajili ya hoja za sheria na taratibu ambazo Japhet hakuzisomea. Kila mmoja alileta gunia lake, tuseme, likapimwa kwa jina lake. Kitabu kilichotoka baadaye, The Meru Land Case cha mwaka 1967, kina majina yote mawili, na la Japhet limetangulia.

Umoja wa Mataifa haukuirudisha ardhi. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, kisha katika Baraza Kuu likakosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Yeyote anayefundisha shauri hili kama hadithi ya ushindi anawapunja wanafunzi. Thamani yake ya kisiasa ilikuja kwa njia nyingine: Japhet aliporejea alizunguka akiwaeleza watu wa mikoa mingine yaliyotokea, na shauri la kabila moja likaanza kutajwa kama shauri la nchi. Hilo lisingewezekana kama aliyekwenda New York angekuwa Seaton pekee. Aliyesemewa hawezi kurudi nyumbani na kusimulia alivyosema.

5.0 Nani anaitwa nini: istilahi za ualbino

Suala la ualbino linatuleta katika wakati wetu, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi katika makala haya, kwa sababu hapa lugha yenyewe imekuwa sehemu ya hatari. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na hali hii, kiwango kilicho juu ukilinganisha na sehemu nyingi za dunia. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaligonga vichwa vya habari: watu waliuawa au kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Kilimanjaro haikuwa kitovu cha mashambulizi hayo. Katika miteremko yake adui wa kila siku ni jua. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, na ngozi isiyo na melanini haina kinga. Mtoto anayefanya kazi ndani ya kihamba, chini ya migomba na miti mirefu inayofunika kahawa, ana nafuu. Ndugu yake anayepelekwa kulima mahindi katika mashamba ya tambarare, mahali ambapo hakuna kivuli, anajitengenezea saratani. Mgawo wa kazi katika familia, ambao hauhitaji kauli mbiu yoyote, unaweza kuwa utetezi mkubwa kuliko maandamano.

Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kwa miaka mingi kimewahudumia watu wenye ualbino, na ni Moshi ambako mafuta ya kuzuia miale ya jua yanayoitwa Kilisun yametengenezwa mahususi kwa ajili yao. Si mbali na hapo, Shule ya Msingi Mwereni hupokea wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino, ambao husoma pamoja na wengine. Tukirudi katika vitenzi, mwanafunzi anayekaa dawati moja na mwenzake asiyeuona ubao vizuri humsomea kilichoandikwa. Kauli ya kutendea hapa iko katika hali yake safi kabisa. Lakini mwalimu anayemsogeza mwanafunzi huyo mbele na kuandika kwa herufi kubwa amefanya zaidi: amemwezesha kusoma. Tendea imepisha njia kwa tendesha, na mtendwa amerudi kuwa mtenda.

Majina nayo yana sarufi yake. Zeruzeru ni nomino iliyorudufishwa kikamilifu, na katika matumizi ya leo shina zeru halisimami peke yake. Ripoti kadhaa za mashirika ya kimataifa na magazeti ya ng'ambo zimeeleza kwamba maana ya neno hilo ni mzuka. Kamusi za Kiswahili hazisemi hivyo. Zinaeleza tu kuwa ni mtu aliyezaliwa na ngozi isiyo na rangi. Ufafanuzi huo wa ripoti ulienea kwa sababu unasisimua, na walioueneza walikuwa na nia njema. Nautaja kwa makusudi, kwa kuwa ni mfano wa mshirika anayemsemea mtu kabla ya kumuuliza. Madhara yake si madogo: unaifanya lugha nzima, pamoja na bibi aliyemlea mjukuu wake kwa upendo huku akimwita zeruzeru, ionekane imekwisha kumhesabu mtoto huyo miongoni mwa wafu.

Dharau haikukaa katika asili ya neno. Imekaa katika matumizi, na mahali pamojawapo inapoonekana ni katika upatanisho wa kisarufi:

(3) a. Zeruzeru huyu amefika.
b. Zeruzeru hili limefika.

Nomino zinazotaja viumbe wenye uhai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, katika Kiswahili sanifu hupatanishwa kwa ngeli ya A-WA. Ndivyo tunavyosema kipofu amekuja, kiziwi huyu, daktari wangu. Anayesema (3b) amevunja kanuni hiyo kwa hiari, na kwa kuivunja amemwondoa mtu katika ngeli ya watu akamtia katika ngeli ya ukubwa, ya vitu na majitu. Hakuna tusi lililotamkwa. Kiwakilishi kimefanya kazi yote. Mtaani lilikuwapo jambo baya zaidi. Watu wenye ualbino wameeleza mara nyingi kwamba wakipita huitwa dili. Neno la biashara limewekwa mahali pa jina la mtu, na anayeitwa hivyo anaelewa kwamba ametajiwa bei.

Magazeti yaliyolaani mauaji hayo hayakusalimika na mtego wa lugha. Kirai viungo vya albino kilizoeleka mno hadi kikawa kama jina la bidhaa, na haisaidii kwamba viungo ni pia vikolezo vya pilau. Muundo wa habari zenyewe uliegemea kauli ya kutendwa:

(4) a. Mtoto amekatwa mkono.
b. Mtoto amekatwa mkono na watu wasiojulikana.
c. Watu wanne wanatuhumiwa kumkata mtoto mkono.

Katika (4a) mtenda amefutwa. Katika (4b) ametajwa kwa kirai ambacho kazi yake ni kutomtaja. Mwandishi wa habari anaweza kuwa na sababu halali za kisheria za kuandika hivyo siku ya kwanza. Siku ya thelathini, kirai hichohicho kinageuka kuwa namna ya kunyamazia. Ndiyo maana kazi ya Vicky Ntetema, mwandishi wa BBC aliyejipenyeza kwa waganga mwaka 2008 na kufichua biashara hiyo, ilikuwa pia tukio la kisarufi: ilirudisha watenda katika sentensi. Ilimlazimu ajifiche kwa kuhofia maisha yake, kama Karama alivyosemea wengine akiwa mwenyewe kizimbani. Serikali nayo, ilipopiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi mwaka 2015, ilichagua kivumishi kilichotokana na chonganisha, kitenzi cha kusababisha, na hivyo ikamtaja anayesababisha.

Istilahi mtu mwenye ualbino imepata nguvu kwa msukumo wa wahusika wenyewe. Chama chao cha kitaifa, kilichoanzishwa mwaka 1978, kilijulikana katika vyombo vya habari kama Chama cha Maalbino Tanzania, na sasa ni Chama cha Watu wenye Ualbino. Mabadiliko hayo yanalingana na yale ya kipofu na kiwete kuelekea mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, istilahi iliyoingia katika jina la Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kiambishi u- kimeichukua hali na kuifanya nomino dhahania. Mwenye kimeifanya hali hiyo kuwa kitu ambacho mtu anacho, kama anavyoweza kuwa na nyumba au na homa. Na kiini cha kirai kimebaki mtu. Kwa upande wa upatanisho, (3b) haiwezekani tena. Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayesema mtu mwenye ualbino hili limefika.

Lipo pingamizi, nalo halipaswi kupuuzwa. Kirai hicho ni kirefu, na wako wahusika wanaojiita maalbino bila kuona haya. Aidha, mtu anaweza kulitamka jina refu kwa usahihi wote na bado akahama kiti kwenye daladala. Kwa maoni yangu hoja ya urefu ina nguvu katika mazungumzo na haina nguvu katika sheria, vitabu vya kiada na kamusi, ambako maneno mawili ya ziada hayamchoshi mtu. Kuhusu wanaojiita watakavyo, jina ni lao. Mtu wa nje hana ruhusa ya kuwasahihisha, kama vile hana ruhusa ya kulitumia jina hilo kwa sababu tu amewasikia wakilitumia.

Tangu mwaka 2008, Al-Shaymaa Kwegyir alipoteuliwa kuwa mbunge, na 2010, Salum Barwany alipochaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini, Bunge lilianza kusikia hoja hizi zikitolewa na wenye hoja. Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino aliyezunguka vijijini akizungumza ana kwa ana na watu waliomwogopa, alipanda pia Mlima Kilimanjaro, na filamu ya In the Shadow of the Sun ya mwaka 2012 imeionyesha safari hiyo. Mpiga picha wa filamu alikuwa mgeni. Mpandaji alikuwa Torner. Katika shule zetu za sekondari, riwaya ya Takadini ya Ben Hanson imesomwa na wanafunzi wengi katika somo la fasihi ya Kiingereza. Humo mama, Sekai, anatoroka na mwanawe kijijini ili asiuawe, na mzee Chivero anawapokea katika kijiji cha ugenini. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtoto wa Kitanzania hukutana na mjadala huu darasani kwa Kiingereza, ilhali maneno yanayomjeruhi mwenzake uwanjani ni ya Kiswahili. Mtaala wa fasihi ya Kiswahili unaweza kulirekebisha hilo bila gharama kubwa.

Kwa upande wa wanaleksikografia, kazi iliyopo ni ya kidahizo kimoja kimoja. Zeruzeru isifutwe kamusini. Neno lililofutwa huendelea kuumiza bila maelezo. Ipewe alama ya matumizi inayoonyesha kwamba wahusika wengi huliona kuwa la dharau, na msomaji aelekezwe kwenye ualbino. Ualbino upewe kidahizo chake chenye maelezo ya kitabibu, pamoja na urujuanimno na uoni hafifu, maneno ambayo mzazi anayetoka kliniki ya ngozi na kijikaratasi mkononi anayahitaji siku hiyohiyo. Dili iandikwe na maana yake ya mtaani, kwa kuwa mahakama huenda siku moja ikahitaji kuthibitishiwa kwamba neno hilo, likielekezwa kwa mtu fulani, ni kitisho. Na rasimu ya vidahizo hivyo isomwe na Chama cha Watu wenye Ualbino kabla ya kupelekwa kwa mchapishaji, majina ya walioisoma yakiwekwa katika ukurasa uleule wa wahariri.